Istilahi za Viungio vya Mabomba na Ukokotoaji wa Mshuko wa Kanieneo: Mfano wa Goba, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu hesabu moja na maneno yanayohitajika ili hesabu hiyo ifanywe kwa Kiswahili. Hesabu yenyewe ni ya kawaida kwa wahandisi: kukadiria kiasi cha kanieneo kinachoshuka maji yanapopita katika elbo, tii, koki na viungio vingine vya mabomba. Maneno ni yale ambayo mafundi bomba wa Dar es Salaam hutumia kuvitaja viungio hivyo kazini na madukani. Kwa desturi mambo haya mawili hushughulikiwa mbalimbali. Hesabu huachiwa vitabu vya uhandisi, ambavyo karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno huachiwa sisi wanaisimu, nasi mara nyingi humchukulia fundi kuwa mkopaji tu wa maneno ya kigeni anayesubiri kuletewa istilahi sanifu kutoka ofisini.

Hoja yetu ni kwamba msamiati wa fundi hauna budi kupimwa kwa kigezo tofauti na kile cha asili ya neno. Swali linalofaa kuulizwa si kama neno ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza, bali ni kama neno hilo linatofautisha vitu ambavyo hesabu inataka vitofautishwe. Kwa kigezo hicho fundi anafaulu mahali pengi ambapo kamusi zinashindwa. Mahali pamoja anakwama, napo pana gharama: ni katika neno koki.

Tumechagua Goba kwa sababu ya ardhi yake. Kata hii, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010, imekaa juu ya vilima na mabonde kati ya barabara ya Morogoro na ile ya Bagamoyo. Njia zake zinapanda na kushuka kuelekea Makongo, Madale, Mbezi Mwisho na Tangi Bovu. (Jina hili la mwisho lingestahili makala yake, hapa inatosha kusema kwamba wakazi wa upande huu wa jiji wamezoea kutaja mahali kwa vitu vya maji na kwa kimo, kama yanavyoshuhudia pia majina ya Makongo Juu na Mbezi Juu.) Katika mazingira ya namna hii nyumba nyingi hazitegemei moja kwa moja nguvu ya maji ya mtandao wa jiji. Maji yakitoka huingizwa katika tangi la plastiki lililoinuliwa juu ya mnara mfupi wa zege au chuma, na kutoka humo hushuka kwa uzito wake hadi jikoni na bafuni. Kanieneo ya mfumo wa namna hii ni ndogo tangu mwanzo. Kwa hiyo kila kiungio kina uzito katika hesabu, na kosa la neno huonekana upesi katika maji yanayodondoka bafuni.

2. Maneno ya dukani

Mtu akisimama kwa muda mbele ya duka la vifaa vya ujenzi katika vitongoji hivi atasikia: bomba, elbo, bendi, tii, soketi, yunioni, redyusa, plagi, koki. Karibu yote yametoka Kiingereza na yameingia katika ngeli ya I-/ZI-, kwa hiyo umbo lake halibadiliki katika wingi: elbo hii, elbo hizi, tii moja, tii tatu. Kwa orodha ya vifaa hili si tatizo, kwa sababu idadi huandikwa.

Bomba lina historia iliyo ndefu zaidi, na historia hiyo inafundisha. Katika Kireno, tulikolichukua, neno hili lina maana ya chombo cha kuvuta au kusukuma maji. Kiswahili kililihamishia kwenye mrija unaopitisha maji, kisha hata kwenye mahali pa kuchotea, hivi kwamba mashine ya kusukuma ikabaki bila jina lisilo na utata, tukakopa tena, mara hii pampu kutoka Kiingereza. Huko Unguja, ambako Sultani Barghash aliyetawala kati ya 1870 na 1888 alifikisha maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, kile ambacho Dar es Salaam hukiita bomba la kuchotea huitwa mfereji. Hakuna aliyekaa ofisini kuyapanga hayo. Maana zilihama kwa sababu ya matumizi, na watumiaji waliongeza neno jipya pale tu utata ulipowasumbua. Tutaona kwamba katika koki utata upo, lakini bado haujasumbua kiasi cha kuzaa maneno mapya, kwa kuwa anayeumia ni mwenye nyumba na anayetamka ni fundi.

Kuhusu elbo, limewahi kusikika pendekezo la kuibadilisha iwe kiwiko. Tafsiri hiyo ni sahihi, na taswira ya mwili ni ileile. Hata hivyo hatuoni faida yake kwa mkokotoaji. Fundi tayari anatofautisha elbo, ambayo inakata kona kwa ghafla, na bendi, ambayo inapinda kwa uwanda mrefu. Tofauti hiyo ndiyo hasa ambayo hesabu inaihitaji: katika majedwali yanayotumika sana, elbo ya kawaida ya nyuzi 90 hupewa kizigeu cha 0.9, na ile yenye mpindo mrefu 0.6. Tukileta kiwiko kwa vyote viwili kwa jina la usanifu tutakuwa tumefuta kwa kalamu theluthi moja ya mshuko wa kanieneo, au tumeiongeza pale isipokuwapo. Hapa fundi ameitangulia kamusi.

3. Presha, kanieneo na kimo

Neno ambalo fundi na mwenye nyumba hulitumia zaidi ni presha. “Presha ni ndogo” ni lalamiko la kila siku, na ni lalamiko lenye utata. Kwa msemaji wa kawaida presha ni jinsi maji yanavyotoka: yakitoka mengi na kwa nguvu presha ni kubwa, yakidondoka presha ni ndogo. Kwa fizikia hayo ni mambo mawili. Moja ni kani inayolemea kila kipimo cha eneo, nayo istilahi ya kanieneo, iliyoundwa kwa kuambatanisha kani na eneo, inaieleza kwa uwazi ambao hata neno la Kiingereza halina. Ndiyo sababu tunaipendelea kuliko shinikizo au mgandamizo. La pili ni ujazo wa maji unaopita kwa sekunde, yaani mtiririko.

Umuhimu wa kutenganisha mawili haya huonekana bomba likifungwa. Maji yakisimama, kanieneo kwenye mdomo wa bomba ni ile kamili inayotokana na kimo cha tangi, hata kama njiani kuna elbo mia moja. Elbo hazipunguzi chochote maji yakiwa yametulia. Mshuko huanza maji yanapoanza kwenda, nao hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, mshuko katika kiungio huwa mara nne. Fundi anayefunga kipimo cha kanieneo kwenye bomba lililofungwa, akasoma na kutangaza kwamba “presha ipo”, amesema kweli juu ya kanieneo na hajasema lolote juu ya tatizo la mwenye nyumba.

Utata huohuo ndio unaozaa imani kwamba bomba jembamba “linaongeza presha”. Ushahidi unaotolewa ni mpira wa kumwagilia bustani: ukiuminya mdomo kwa kidole, maji huruka mbali. Ushahidi ni wa kweli, maelezo siyo. Kidole hupunguza mtiririko, kwa hiyo kasi ya maji ndani ya mpira mzima hushuka, na mshuko wa kanieneo njiani hupungua sana kwa sababu ya ule mraba tulioutaja. Kanieneo iliyokuwa ikiliwa na urefu wa mpira sasa inafika ikiwa nzima nyuma ya kidole, na hiyo ndiyo inayorusha maji. Ule wembamba uko mahali pamoja tu, mwishoni. Mtu akibadilisha mpira wote kuwa mwembamba atapata kinyume chake, kwa maana kasi itakuwa kubwa katika urefu wote na kanieneo itaishia njiani. Lugha inayoita mambo yote mawili presha haimpi mwanafunzi njia ya kuieleza tofauti hiyo, na mtu asiyeweza kuieleza atanunua bomba la nusu inchi akiamini amepata nafuu.

Kuna dhana ya tatu, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya Goba. Wahandisi wa maji hupendelea kupima kanieneo kwa urefu wa safu ya maji inayoweza kuizaa. Mita moja ya maji ni sawa na kilopaskali 9.8 hivi. Kiingereza huiita dhana hii kwa neno la “kichwa”, na kuna waliokwisha kulitafsiri hivyo. Tunapendekeza kimo. Kila mkazi wa vilimani anajua kwamba tangi likiinuliwa maji yatatoka vizuri zaidi. Anajua pia kwamba nyumba ya bondeni hupata maji kabla ya nyumba ya kileleni. Akiambiwa kwamba elbo moja “inakula sentimita moja ya kimo” ataelewa papo hapo, kwa sababu anaweza kuwaza tangi lake likishushwa sentimita moja. Kwa kilopaskali hawezi. Usumbufu mmoja mdogo ubaki umetajwa: mita ni kipimo cha urefu na pia ni kile kifaa kinachosoma matumizi ya maji, na kifaa hicho chenyewe hula kimo. Katika maandishi ya kitaalamu ni vema kuandika mita ya maji kwa kifaa na mita pekee kwa urefu.

4. Hesabu yenyewe

Mshuko wa kimo katika bomba lililonyooka hukokotolewa kwa kanuni inayohusishwa na Julius Weisbach, aliyeiandika kwa umbo lake la sasa mwaka 1845, na Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon nchini Ufaransa, aliyefanya majaribio mengi ya mabomba katika miaka ya 1850:

h = f × (L/D) × (v²/2g)

Hapa h ni mshuko wa kimo kwa mita, L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo chake cha ndani, v ni kasi ya maji, g ni mchapuko wa uvutano, yaani mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, na f ni kizigeu cha msuguano, ambacho hutegemea ukwaruzaji wa ndani ya bomba na namba ya Reynolds. Kwa viungio kanuni ni fupi zaidi:

h = K × (v²/2g)

K ni kizigeu cha kiungio. Sehemu ya v²/2g inajirudia katika kanuni zote mbili. Tunaiita kimo cha kasi, yaani kimo ambacho maji yangepaswa kudondoka ili kupata kasi hiyo. Kwa hiyo K ni jibu la swali rahisi: kiungio hiki kinakula kimo cha kasi mara ngapi?

Inafaa kueleza kwa nini kinakula. Maji yanapokata kona ya ghafla hayawezi kuufuata ukuta wa ndani. Hujitenga nao, na katika nafasi inayobaki hutokea vizingia vinavyozunguka bila kwenda popote. Mkondo mkuu unabanwa upande mmoja, unaongeza kasi, halafu unatawanyika tena. Kutawanyika huko ndiko kunakotumia nishati nyingi, na nishati hiyo huishia kuwa joto dogo lisiloweza kuhisika. Kwa mpanuko wa ghafla, kutoka bomba jembamba kwenda pana, nadharia inatoa jibu bila majaribio, nalo lilikwisha kupatikana na Jean-Charles de Borda katika karne ya 18: mshuko ni mraba wa tofauti ya kasi mbili ukigawanywa kwa 2g. Kwa elbo, tii na koki nadharia haitoshi, na vizigeu vyote vya vitabuni ni matokeo ya vipimo vya maabara. Ndiyo maana vinatofautiana kitabu hadi kitabu. Elbo ndogo ya skrubu inaweza kupewa 0.9 hapa na 1.5 kule. Msomaji asishtuke, ila achague jedwali moja na kulifuata mpaka mwisho.

5. Nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba ya kubuni, lakini isiyo ngeni kwa anayezijua nyumba za Goba. Kitako cha tangi kiko mita 3.0 juu ya ardhi. Kichwa cha bomba la mvua bafuni kiko mita 2.1. Tangi likikaribia kuisha, kimo kilichopo ni mita 0.9 tu. Bomba ni la plastiki, kipenyo cha ndani milimita 16, urefu wake wote mita 18. Tunataka lita 0.1 kwa sekunde, yaani lita 6 kwa dakika, kiasi kisicho cha anasa.

Eneo la ndani la bomba ni milimita za mraba 201. Kasi basi ni karibu mita 0.5 kwa sekunde, na kimo cha kasi ni 0.25 ikigawanywa kwa 19.62, yaani mita 0.0127. Namba ya Reynolds kwa maji ya joto la Dar es Salaam ni 9,400 hivi, kwa hiyo mtiririko ni wa vurugu, na f kwa plastiki laini ni karibu 0.032. Mshuko katika bomba lililonyooka:

0.032 × (18/0.016) × 0.0127 = mita 0.46

Nusu ya kimo imekwenda kabla ya kuhesabu kiungio hata kimoja. Viungio ni hivi: mahali maji yanapoingia bomba kutoka tangini, K = 0.5, elbo kumi, kila moja 0.9, jumla 9.0; tii mbili ambazo maji yanazipita moja kwa moja, kila moja 0.4, jumla 0.8, tii moja ambayo maji yanachepukia ubavuni, 1.8. Jumla ya K ni 12.1. Na kuna koki mbili, moja chini ya tangi na nyingine mlangoni mwa bafu.

Je, K ya koki ni ngapi?

6. Koki

Hapa ndipo lugha inapoingia ndani ya hesabu. Dukani mteja huomba “koki ya nusu inchi” na hupewa mojawapo ya vifaa vitatu visivyofanana ndani. Cha kwanza kina bamba linaloinuliwa kwa skrubu kama mlango wa kupandisha. Likifunguka lote njia inakuwa wazi na iliyonyooka. Cha pili kina tufe lililotobolewa katikati, linalogeuzwa kwa mkono robo ya mzunguko. Tundu likilingana na bomba maji hupita kana kwamba hakuna kitu. Cha tatu kina kizibo kinachokandamizwa kwa skrubu juu ya tundu lililolala; maji yanalazimika kupinda kwenda juu, kupenya tunduni, kisha kupinda tena ili yaendelee na safari, hata koki ikiwa wazi kabisa. Vizigeu vyake vikiwa wazi kabisa ni 0.2 kwa cha kwanza, 0.05 kwa cha pili, na 10 kwa cha tatu. Kati ya cha pili na cha tatu tofauti ni mara mia mbili.

Tukiweka koki mbili za aina ya kwanza, jumla ya K inakuwa 12.5, na mshuko wa viungio ni mita 0.16. Ukijumlishwa na ule wa bomba tunapata 0.62. Kati ya mita 0.9 zinabaki 0.28 za kusukuma maji katika matundu ya bomba la mvua. Si nyingi, lakini mtu ataoga. Tukiweka koki mbili za aina ya tatu, jumla ya K ni 32.1, mshuko wa viungio ni 0.41, na jumla yote ni 0.87. Zinabaki sentimita tatu. Kwa lita 6 kwa dakika hesabu imegoma. Kwa hakika maji yatapunguza mtiririko wenyewe mpaka mizani ipatikane, na mwenye nyumba atasema presha ni ndogo. Pengine atashauriwa kununua pampu. Tangi ni lilelile, bomba ni lilelile, idadi ya elbo ni ileile, na katika orodha ya vifaa aliyoiandika fundi maneno pia ni yaleyale: koki mbili.

Mafundi wenye uzoefu hawakosi njia ya kutofautisha. Aina ya kwanza wengi huiita getivalvu, na jina hilo linatosha. Kwa aina ya pili husikika bolivalvu, lakini neno hili lina mtego, kwa kuwa katika matumizi ya zamani ya mafundi wa Uingereza jina lilo hilo lilikuwa la vali ya boya inayozuia tangi lisifurike, na watu waliojifunza kazi kwa wakufunzi wa jadi hiyo bado wanaweza kumaanisha hivyo.

Mtego mkubwa zaidi umo katika tafsiri sisisi. Jina la Kiingereza la aina ya tatu linatokana na umbo la duara la mwili wake wa nje, na jina la aina ya pili linatokana na duara lililomo ndani. Mtafsiri makini, mwenye kamusi mkononi na asiyewahi kukifungua kifaa chochote, atapata tufe kwa zote mbili. Atakuwa ametunga istilahi safi, ya Kiswahili, inayokubalika kisarufi, ambayo inaziweka katika jina moja koki mbili zilizo katika ncha mbili za jedwali. Uundaji wa istilahi nchini umefuata kwa muda mrefu kanuni zinazojulikana, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 na kupitia kazi kubwa za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kama ile kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Kanuni hizo hutuelekeza tutafute kwanza ndani ya lugha, kisha lugha jirani, kisha tukope. Ni kanuni za chimbuko la neno. Hazituambii tukifungue kifaa tuone maji yanapita wapi.

Tunapendekeza koki ya mlango, koki ya tufe na koki ya kizibo. Majina yote matatu yanataja kile kinachozuia maji ndani, na katika yote kichwa cha kirai kinabaki koki, neno ambalo fundi hatalazimika kuliacha. Anayependa getivalvu aendelee nalo. Tunachosisitiza ni kwamba orodha ya vifaa, zabuni au kitabu cha kufundishia kisiandike koki peke yake.

7. Upotevu, mshuko na ukubwa wake

Msomaji ameona kwamba tumeepuka upotevu wa kanieneo, ingawa ndiyo tafsiri inayokuja mdomoni mwanzo. Sababu ni kwamba katika lugha ya mamlaka za maji na ya magazeti, upotevu wa maji ni maji yanayovuja au kuibwa kabla ya kufika kwenye mita ya maji. Fundi akiambiwa kuna upotevu atatafuta mahali palipolowa. Katika elbo hakuna tone linalopotea. Yanayoingia ndiyo yanayotoka, ila yametoka na kanieneo pungufu. Mshuko unalibeba wazo hilo bila kumtuma mtu kuchimba ukuta.

Jambo zito zaidi ni desturi ya vitabu vya Kiingereza kuuita mshuko wa viungio “mdogo” na ule wa bomba lililonyooka “mkubwa”. Majina hayo yalitokana na kazi za mabomba makuu. Katika bomba linaloleta maji ya Mto Ruvu jijini kwa makumi ya kilomita, elbo chache hazina maana mbele ya urefu. Ndani ya nyumba mambo yanageuka. Katika mfano wetu wenye koki za kizibo, viungio vimekula 0.41 na bomba 0.46, karibu sawa. Kama bomba lingekuwa fupi zaidi huo “mdogo” ungekuwa mkubwa kuliko “mkubwa”. Mwanafunzi anayesoma “upotevu mdogo” kwa Kiswahili, lugha anayoielewa hadi ndani, ataamini sifa hiyo kuliko anavyoiamini kwa lugha ya kigeni, ambako huichukua kama jina tupu. Tafsiri ingekuwa imekiongezea kosa nguvu. Mshuko wa viungio na mshuko wa njiani ni majina yasiyotoa hukumu kabla ya hesabu.

Kwa anayetaka kutibu nyumba yetu ya mfano bila kuinua tangi, dawa ya kwanza ni kipenyo. Kwa mtiririko uleule, mshuko wa viungio hupungua kwa kadiri ya kipenyo kilichopandishwa kwa nne. Tukitoka milimita 16 kwenda 21, vizigeu vikibaki vilevile, unashuka hadi karibu theluthi moja ya ulivyokuwa. Mshuko wa njiani hupungua zaidi kidogo. Dawa ya pili ni kupunguza elbo, au kuweka bendi pale ukuta unaporuhusu. Kubadilisha koki za kizibo kunafuata hapo, na kwa kawaida ndiyo kazi rahisi kuliko zote, kwani haihitaji kuvunja ukuta.

8. Tii na koki iliyofunguliwa nusu

Yamebaki mambo mawili ambayo msamiati wa vitu hauyafikii, kwa sababu hayahusu kitu bali tendo. Tii ni kifaa kimoja chenye jina moja, lakini tulikipa vizigeu viwili, 0.4 na 1.8, kulingana na maji kupita moja kwa moja au kuchepuka. Hapa si haki kudai jina la pili la kifaa; dukani hakuna tii mbili. Kiswahili kina kauli za vitenzi za kutosha: tii ya kupita na tii ya kuchepuka ni virai vya matumizi, vinavyoandikwa katika karatasi ya hesabu na si katika risiti. Tofauti ya orodha ya ununuzi na orodha ya ukokotoaji haijazingatiwa katika kazi zetu za istilahi, na huenda ndiyo chanzo cha ubishi mwingi usio wa lazima kati ya fundi na mhandisi.

La pili ni koki ya mlango isiyofunguliwa yote. Majedwali yanatoa 0.2 ikiwa wazi kabisa, 1.15 ikiwa robo tatu, 5.6 ikiwa nusu na 24 ikiwa robo. Fundi husema “ifungue nusu”, naye hupima nusu kwa kuhesabu mizunguko ya mkono wa koki. Kwa koki ya mlango nusu yake na nusu ya jedwali zinakaribiana, kwa kuwa skrubu huinua bamba kiasi kilekile kwa kila mzunguko. Kwa koki ya tufe hakuna mizunguko ya kuhesabu, bali robo moja tu, na mkono ukisimama katikati ya hiyo robo, njia iliyobaki wazi haifiki nusu ya tundu. Neno nusu lina maana moja katika hesabu za shule. Likitamkwa juu ya koki, lazima iulizwe kwanza ni koki ipi.